Uzi: Jaji wa Marekani anajibu kwa nani? Uteuzi, ulinzi wa kiti, na pale uhuru unapovuja

Kanzu Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, kila mahakama ya Marekani ikitoa amri nzito, humu huzuka kambi mbili. Moja inasema majaji wa kule hawagusiki, nyingine inasema ni makada wa vyama waliovaa majoho. Mara nyingi kambi hizo hazizungumzii jaji mmoja. Marekani ina mahakama za shirikisho, ina mahakama za majimbo 50 na kila jimbo lina katiba yake, halafu ina vyombo vinavyoitwa mahakama ilhali viko ndani ya wizara. Ukisikia "jaji ameamua", uliza mambo manne: nani alimweka pale, anakaa muda gani, nani anaweza kumng'oa, na kesi ilimfikiaje yeye badala ya mwenzake.

Naanza na wa shirikisho. Ibara ya Tatu ya Katiba inampa kiti maisha yake yote madamu ana mwenendo mwema, na inakataza mshahara wake kupunguzwa akiwa kazini. Mwaka 2025 jaji wa mahakama ya wilaya alilipwa dola 247,400, wa rufani 262,300, na Jaji Mkuu 317,500. Rais akichukizwa na hukumu hawezi kumkata senti, kumhamishia kituo cha mbali wala kumstaafisha kwa manufaa ya umma. Kwa jaji aliyekwisha kukaa, ulinzi huu ni mkubwa kuliko wa nchi nyingi.

Ngazi ni tatu: mahakama za wilaya 94, mahakama za rufani 13, na Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Hiyo 9 haimo kwenye Katiba. Ni sheria ya kawaida ya Bunge, ilianza na 6 na imesimama kwenye 9 tangu 1869. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt alitaka kuongeza jaji mmoja kwa kila jaji aliyepita miaka 70 bila kustaafu, hadi nyongeza ya 6. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa Seneti, na bado muswada ulikufa humo humo.

Karibuni, wenye ujuzi waongeze.

Binti Mvita

Mkuu, sifa za kuteuliwa zikoje? Anatakiwa awe amefanya uwakili miaka mingapi?

Kanzu Nyeusi

Dada, Katiba haitaji sifa hata moja. Hakuna umri wa chini, hakuna shahada, hakuna miaka ya uwakili. Kinachochuja ni siasa na desturi.

Njia yenyewe ni hii. Kiti kikibaki wazi, ofisi ya mwanasheria wa Ikulu hukusanya majina, na kwa mahakama ya wilaya maseneta wa jimbo husika ndio hupendekeza. Mteuliwa hujaza dodoso refu la Kamati ya Sheria ya Seneti: kesi alizoendesha, hotuba alizotoa, makala alizoandika, mali yake. FBI humpekua. Kisha maseneta wawili wa jimbo lake hutumiwa karatasi ya buluu, ya kueleza kama wanamkubali. Wasiporudisha karatasi hiyo, mteuliwa wa wilaya hukwama kamatini. Kwa mahakama za rufani kizuizi hicho kililegezwa kuanzia 2018, na siku hizi seneta wa jimbo hawezi tena kumzuia mteuliwa wa rufani peke yake. Baada ya hapo kuna kuhojiwa hadharani, kura ya kamati, kura ya kufunga mjadala, kura ya mwisho, Rais kusaini hati, na kiapo. Sehemu ya kiapo inamtaka atende haki sawa kwa maskini na kwa tajiri.

Penye mabadiliko makubwa ni kura ya kufunga mjadala. Zamani zilihitajika kura 60 kati ya 100, kwa hiyo Rais alilazimika kutafuta mtu ambaye hata wapinzani wachache wangemvumilia. Novemba 2013 wana-Democrat walishusha kiwango hadi wingi wa kawaida kwa mahakama zote za chini. Aprili 2017 wana-Republican wakafanya vivyo hivyo kwa Mahakama ya Juu, na Neil Gorsuch akapita kwa 54 dhidi ya 45. Tangu hapo Rais mwenye Seneti mkononi hahitaji kura hata moja ya upande wa pili. Brett Kavanaugh alipita kwa 50 kwa 48, Amy Coney Barrett 52 kwa 48, Ketanji Brown Jackson 53 kwa 47. Kwa maoni yangu hapa ndipo mahakama ilipopoteza kitu cha thamani, maana sharti la kura 60 lilikuwa linawachuja watu wa misimamo mikali kabla hata jina halijatajwa.

Mzee wa Rufaa

Nakazia hapo. Ongeza na suala la muda. Merrick Garland aliteuliwa kwenda Mahakama ya Juu Machi 16, 2016, Seneti ikakataa hata kumhoji, na uteuzi wake ukafa Januari 3, 2017 Bunge jipya lilipoanza. Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama hiyo hiyo, alifariki Septemba 18, 2020, na mrithi wake akathibitishwa Oktoba 26, siku 8 kabla ya uchaguzi. Katiba haikuvunjwa hata mara moja kati ya hizo mbili, kwa sababu haisemi Seneti ifanye kazi hiyo ndani ya siku ngapi.

Kiti cha maisha nacho kinazaa tabia yake. Jaji hupanga kustaafu wakati Rais wa mrengo wake yuko madarakani. Kuna mlango halali wa kufanya hivyo unaoitwa hadhi ya mwandamizi: umri na miaka ya kazi vikijumlishwa vifike 80, umri ukianzia 65. Mwenye miaka 65 awe ametumikia 15, mwenye 70 awe ametumikia 10. Akichukua hadhi hiyo anabaki na mshahara wake, anaendelea kusikiliza mashauri machache, na kiti chake kinahesabika wazi ili Rais ajaze. Majaji hawa waandamizi hubeba sehemu kubwa ya mzigo wa mahakama za wilaya, kwa hiyo msidhani ni wazee wa kuota jua.

Kijana wa Ubungo

Sasa mbona nasikia majaji wa Marekani wanagombea kama wabunge, na mabango barabarani?

Mzee wa Rufaa

Hao ni wa majimbo, na ndiko zaidi ya asilimia 90 ya mashauri yote ya Marekani yanakoamuliwa: talaka, mirathi, mauaji, madeni, ajali. Mississippi ndiyo iliyotangulia kuwachagua majaji wake wote kwa kura, mwaka 1832. Leo kuna njia kadhaa. Texas majaji hugombea kwa tiketi ya chama. Wisconsin hugombea bila jina la chama kwenye karatasi ya kura, ingawa kila mpiga kura anajua nani anaungwa mkono na nani. South Carolina na Virginia, Bunge la jimbo ndilo huchagua, na South Carolina hilo limelalamikiwa miaka mingi kwa sababu wabunge wengine ni mawakili wanaosimama mbele ya majaji wale wale waliowapigia kura. Rhode Island, jaji wa mahakama ya juu ya jimbo hukaa maisha. Massachusetts hukaa hadi 70.

Missouri ilibuni njia yake 1940 baada ya kuchoshwa na wakubwa wa vyama waliokuwa wakiwapanga majaji. Kwa mahakama za juu kuna tume ya watu 7: mawakili 3 waliochaguliwa na wenzao, raia 3 walioteuliwa na gavana, na jaji wa mahakama ya juu ya jimbo. Tume hutoa majina 3. Gavana ana siku 60 kuchagua mmoja, zikipita tume huchagua yenyewe. Jaji akishakaa angalau miezi 12, wananchi huulizwa kwenye uchaguzi mkuu unaofuata: abaki au aondoke? Hana mpinzani. Wakenya wanaweza kuona mfanano na JSC yao (Tume ya Utumishi wa Mahakama) kwenye hatua ya tume, ila kura ya wananchi haimo kwao.

Na msione kura hiyo ya kubaki ni ya mapambo. California 1986 ilimng'oa Jaji Mkuu wa jimbo, Rose Bird, na wenzake wawili, hoja kubwa ikiwa hukumu za kifo walizotengua. Iowa 2010 iliwang'oa watatu baada ya mahakama yao kuruhusu ndoa za jinsia moja mwaka uliotangulia. Jaji anayeandika hukumu mwaka wa kura anajua historia hiyo.

Wakili Kitabu

Mnapoongelea uchaguzi wa majaji, msipite bila kesi ya Caperton. Ningependa tuiangalie kwa karibu kwa sababu inaonyesha kila kiungo.

Agosti 2002, juri (jopo la raia) la West Virginia liliiamuru kampuni ya makaa ya mawe ya Massey imlipe Hugh Caperton na kampuni zake dola milioni 50. Massey ilikuwa inajiandaa kukata rufaa. Mkuu wake, Don Blankenship, akaangalia kalenda: 2004 kulikuwa na uchaguzi wa kiti kimoja cha mahakama ya juu ya jimbo, yaani mahakama ile ile ambayo ingesikiliza rufaa. Sheria ilimruhusu kuipa kampeni ya mgombea Brent Benjamin dola 1,000 tu, akazitoa. Kisha akatoa karibu dola milioni 2.5 kwa kundi la nje lililokuwa likimshambulia jaji aliyekuwa kitini, Warren McGraw, na zaidi ya nusu milioni nyingine kwa matangazo na barua zake mwenyewe. Jumla takriban milioni 3. Benjamin akashinda kwa kama asilimia 53.

Rufaa ikafika. Caperton akaomba Jaji Benjamin ajitoe, akakataa. Novemba 2007 mahakama ikaifuta ile milioni 50 kwa kura 3 kwa 2, Benjamin akiwa miongoni mwa watatu. Ikasikilizwa upya 2008, ikawa 3 kwa 2 tena.

Juni 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kwa 5 kwa 4, kwamba Benjamin alipaswa kujitoa. Haikusema alihongwa. Ilisema hatari ya upendeleo ilikuwa kubwa mno, kwa kutazama ukubwa wa mchango ukilinganishwa na matumizi yote ya uchaguzi, na ukaribu wa uchaguzi na kesi. Jaji Mkuu John Roberts alipinga, akaorodhesha maswali 40 ambayo kanuni hiyo inayaacha bila jibu: kiasi gani ni kingi mno? Kwa muda gani jaji abaki amefungwa?

Na mwisho wake wengi hawausimulii. Kesi ilirudi West Virginia, ikasikilizwa bila Benjamin, na Novemba 2009 Caperton akashindwa tena. Haki ya kupata jaji asiye na deni haikuwa ahadi ya kushinda kesi.

Kijana wa Ubungo

Aisee. Na tangu hapo fedha zimepungua?

Wakili Kitabu

Zimepanda. Uchaguzi wa Aprili 2025 wa kiti kimoja tu cha mahakama ya juu ya Wisconsin, Susan Crawford dhidi ya Brad Schimel, ulitumia zaidi ya dola milioni 100. Kinga iliyopo ni nyembamba. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali jimbo limkataze mgombea ujaji asiombe michango kwa mdomo au saini yake mwenyewe, kwa hiyo kamati yake ndiyo inayoomba. Mgombea bado anaweza kujua nani alitoa.

Binti Mvita

Turudi kidogo: jaji mwenyewe mahakamani anafanya nini hasa kama juri ndilo linaloamua?

Kanzu Nyeusi

Juri, raia 12 kwa kesi ya jinai ya shirikisho, huamua ukweli wa mambo: alifanya au hakufanya, na lazima wote wakubaliane. Jaji huamua sheria. Anaamua ushahidi upi uingie. Bunduki iliyokamatwa kwa upekuzi haramu anaweza kuitupa nje, na mara nyingi kesi huishia hapo. Mwishoni huliandikia juri maelekezo, na makosa ya maelekezo hayo ni chanzo cha rufaa nyingi. Mshtakiwa akitiwa hatiani, adhabu huitoa jaji. Tangu 2005 mwongozo wa adhabu wa shirikisho ni ushauri tu, ila jaji huanza kwa kuukokotoa, na asipoukokotoa sawasawa rufaa itaifuta adhabu.

Ila watu wakae wakijua kesi nyingi sana haziifikii juri. Zaidi ya asilimia 90 ya wanaotiwa hatiani mahakama za shirikisho wamekiri. Jaji wa shirikisho hakatazwi tu kushurutisha, hakubaliwi kabisa kushiriki mazungumzo ya makubaliano ya kukiri kosa. Kazi yake ni kumsimamisha mshtakiwa mbele ya watu na kumuuliza: umeelewa haki unazoziacha? Kuna mtu amekutisha au kukuahidi kitu? Kwa asiye raia kuna la ziada: tangu 2010 wakili wake ana wajibu wa kumweleza kama kukiri kutamfukuzisha nchini. Ndugu zetu wengi hukubali kosa dogo ili watoke rumande mapema, kisha Idara ya Uhamiaji inabisha hodi.

Mama Bukavu

Hapo umegusa watu wetu. Kwa Wakongomani na Warundi walioko kule, jaji wa kwanza wengi wanayemwona ni wa uhamiaji. Naomba muelewe vizuri: huyo si jaji wa Ibara ya Tatu. Ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, anaajiriwa na Mwanasheria Mkuu, na hana kiti cha maisha. Mwaka 2018 wizara iliwawekea lengo la mashauri 700 kwa mwaka, likasimamishwa 2021. Mwaka 2025 makumi yao waliachishwa kazi. Mwanasheria Mkuu anaweza pia kuichukua kesi yoyote iliyoamuliwa na bodi ya rufaa za uhamiaji, nayo ya wizara hiyo hiyo, akaiamua mwenyewe, na uamuzi wake ukawafunga majaji wote. Jeff Sessions, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, alifanya hivyo 2018 akaminya hifadhi kwa waliokimbia ukatili wa majumbani, na 2021 akaja Mwanasheria Mkuu mwingine akaufuta. Huyo mwingine ni Merrick Garland aliyetajwa hapo juu.

Kwa vitendo, mambo ya kushika:

Serikali haikupi wakili wa kukutetea. Una haki ya wakili kwa gharama yako, na kuna mashirika ya msaada wa bure. Orodha yao hutolewa mahakamani, iombeni.

Mkalimani hutolewa na mahakama. Mtu wa Uvira au Fizi akijibu tu "naongea Kiswahili" anaweza kuletewa mkalimani wa Kiswahili cha pwani wasiyeelewana vizuri, na maelezo yakipishana, jaji anaweza kuona mwombaji anabadilisha maneno. Semeni mapema, siku ya kwanza, kwamba ni Kiswahili cha Kongo, au Kibembe, au Kinyamulenge. Mkalimani akikosea, wakili apinge pale pale ili iingie kwenye kumbukumbu.

Ukishindwa jaji na bodi, mlango wa jaji huru hufunguka ngazi ya mahakama ya rufani ya shirikisho. Muda ni siku 30 tangu tarehe ya uamuzi wa bodi, haihesabiwi tangu siku barua ilipokufikia. Na kufungua ombi hilo hakusimamishi kuondolewa nchini. Ombi la kusimamisha ni karatasi nyingine, lipelekwe pamoja.

Mzee wa Rufaa

Mama, ubarikiwe, hilo la karatasi mbili liwe juu ya uzi.

Jirani wa Dallas

Mleta mada alitaja jambo la nne, kesi inamfikiaje jaji. Kwa kawaida ni bahati nasibu ya kompyuta. Lakini wilaya imegawanyika vituo, na kuna vituo vyenye jaji mmoja. Amarillo, Texas, ni hivyo: ukifungua shauri la madai pale, linamwendea Matthew Kacsmaryk. Kundi la madaktari wanaopinga utoaji mimba lilisajiliwa Amarillo Agosti 2022, likafungua kesi Novemba, na Aprili 2023 jaji huyo akasimamisha idhini ya nchi nzima ya mifepristone, dawa ya kutoa mimba, iliyokuwapo tangu 2000. Mahakama za juu zilizuia amri isianze kama ilivyoandikwa, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja kwamba walalamikaji hawakuwa na haki ya kushtaki.

Machi 2024 baraza la kisera la majaji wa shirikisho lilishauri kesi za kuzuia sera za nchi nzima zigawanywe wilaya nzima. Ni ushauri tu, na Wilaya ya Kaskazini ya Texas haikubadilisha utaratibu. Wapinzani wa Trump nao hukimbilia wilaya za Massachusetts na Kaskazini mwa California, tofauti ikiwa kwamba kule bado kuna majaji kadhaa na kura ya kompyuta. Juni 27, 2025, katika Trump dhidi ya CASA, Mahakama ya Juu iliwakataza majaji wa wilaya kutoa zuio la kuwalinda watu wote nchini walio nje ya kesi. Mawakili sasa wanapitia kesi za kundi, yaani wachache kushtaki kwa niaba ya wote walio katika hali ile ile.

Kijana wa Ubungo

Na kumng'oa wa shirikisho?

Kanzu Nyeusi

Baraza la Wawakilishi humshtaki kwa wingi wa kawaida, Seneti humtia hatiani kwa theluthi mbili. Tangu Katiba ianze wameshtakiwa majaji 15, wakaondolewa 8, wa mwisho Thomas Porteous wa Louisiana mwaka 2010, kwa rushwa na kusema uongo. Muhimu zaidi ni yule aliyeponea. Samuel Chase wa Mahakama ya Juu alishtakiwa 1804 kwa sababu za kisiasa, Seneti ikamwachia 1805, na tangu hapo imekuwa desturi kwamba hukumu mbaya si kosa la kumwondoa jaji. Machi 2025 Roberts alitoa taarifa kukumbusha hilo hilo: usipokubaliana na uamuzi, kata rufaa.

Jaji anaweza kunyimwa mashauri na majaji wenzake, ila kiti hawawezi kukigusa. Pauline Newman, aliyezaliwa 1927, tangu 2023 hapangiwi kesi mpya kwa uamuzi wa mahakama yake mwenyewe ya rufani, baada ya kukataa kupimwa afya walikoagiza. Bado ni jaji na bado analipwa.

Wakili Kitabu

Kuna tundu moja ambalo kiti cha maisha hakilizibi: maslahi ya fedha. Sheria inamtaka jaji ajitoe hata akiwa na hisa moja tu ya kampuni iliyo kwenye kesi, na hisa za mke au mume zinahesabika. Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilifichua majaji 131 waliosikiliza kesi za kampuni walizokuwa na hisa zake. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuweka taarifa za mali zao mtandaoni na kutangaza mauzo ya hisa ndani ya siku 45. Mahakama ya Juu ilijiandikia kanuni za maadili Novemba 2023, lakini hakuna chombo cha kuzisimamia. Kila jaji wa pale anaamua mwenyewe kama ajitoe. Hili linanikera, kwa sababu hukumu zao hazina pa kukatiwa rufaa.

Binti Mvita

Na serikali ikikataa tu kutii?

Mzee wa Rufaa

Mahakama haina askari wake. Wanaotekeleza amri za shirikisho, maafisa wa Marshals, wako chini ya Wizara ya Sheria, yaani chini ya Rais. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas alipozuia watoto weusi kuingia shule ya Little Rock, amri ya mahakama ilisimama kwa sababu Rais Eisenhower alipeleka kikosi cha 101 cha jeshi. Jaji ana faini, ana kifungo cha kudharau mahakama, ana uwezo wa kuwaita maofisa wajieleze chini ya kiapo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo hutumika zaidi, kwa sababu wakili wa serikali anayedanganya mbele ya jaji anahatarisha leseni yake binafsi.

Jirani wa Dallas

Kwa wanaotaka kufuatilia wenyewe: Kituo cha Mahakama cha Shirikisho kina orodha ya wasifu wa kila jaji wa Ibara ya Tatu tangu 1789, pamoja na Rais aliyemteua. Hati za kesi ziko kwenye mfumo wa PACER, senti 10 kwa ukurasa, mwisho dola 3 kwa hati moja, na ukitumia dola 30 au pungufu kwa robo mwaka hulipi kitu. Kabla ya kulipa tafuta kwanza CourtListener, hati nyingi za kesi kubwa zipo huko bure. Soma amri yenyewe, hasa kurasa mbili za mwisho zinazosema nani anazuiwa kufanya nini na hadi lini. Vyombo vya habari hukosea hapo mara kwa mara.